Shosho hakuwahi kukosa kura, nimuenzije siku ya uchaguzi?

Swali: "Habari mwalimu. Shosho wangu aliaga mwaka uliopita akiwa na miaka 85. Alizaliwa Murang'a, akaja Nairobi akauza mboga Marikiti miaka mingi, na ndiye alitulea hapa Kariobangi. Tangu 1963 hakuna uchaguzi alikosa, hata 2022 tulimbeba na kiti hadi mlango wa kituo. 2027 nitapiga kura bila yeye na nataka iwe ya kumkumbuka. Niko na kitambulisho chake, niko na leso ya kampeni aliyokuwa anaipenda sana, na nilikuwa nataka nipige picha ya kura yangu na foto yake ikiwa kando. Wajomba nao wanasema heshima ni kupiga vile alikuwa anapiga, chama cha boma, na kwa grupu ya familia wanataka kila mtu aonyeshe karatasi yake. Halafu kuna binamu anasema jina la shosho bado liko kwa daftari na kura yake isipotee bure. Nimechanganyikiwa, nifanyeje?"

Pole sana mwanangu. Kulelewa na shosho halafu siku moja unaamka hayuko, hiyo haizoeleki haraka, na naelewa kabisa kwa nini unataka siku ya kura iwe yake pia. Nimefanya kazi ya elimu ya uraia hapa Nairobi kwa muda mrefu na chaguzi kadhaa nimekuwa msimamizi wa kituo, kwa hivyo nitakujibu upande wa sheria na upande wa nyumbani, manake swali lako liko na zote mbili na watu wako wamezichanganya.

Nianze na ya binamu ili tuitoe njiani. Hakuna kura ya shosho iliyobaki. Kura haiachiwi watoto kama shamba, mwenyewe akienda imeenda. Mtu akichukua kile kitambulisho akajaribu kupiga kwa jina lake hilo ni kosa la kujifanya mtu mwingine, liko kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na wala si la kuambiwa tu urudi nyumbani, ni la kufikishwa kortini. Mwambie binamu hivyo waziwazi, na umwambie mapema, asije akafika siku yenyewe ameshajipanga na wenzake.

Lakini ile habari ya jina kubaki kwa daftari, hiyo usiipuuze, hapo binamu amekuonyesha kitu cha maana hata kama hakukusudia. Ukaguzi wa daftari uliofanywa na kampuni ya KPMG kabla ya uchaguzi wa 2022 ulipata majina zaidi ya 246,000 ya watu waliokwisha kufa. Watu husikia hiyo namba wanafikiria wizi pekee, na kweli hatari ya wizi iko, kwa sababu siku hizi tunatambuliwa kwa vidole na mashine ya KIEMS lakini kuna watu vidole vyao havisomeki, hasa wazee waliolima na kufua maisha yao yote hadi mistari ya kidole ikaisha, na hao wanatafutwa kwa nambari ya kitambulisho halafu inajazwa fomu 32A mbele ya mawakala wa vyama. Huo mlango uliwekwa kwa ajili ya akina shosho na ni mlango mzuri, lakini mtu wa nia mbaya akiwa na kitambulisho cha marehemu hapo ndipo atajaribu kupenyea. Na kuna jambo lingine ambalo mimi linaniuma zaidi. Ile asilimia ya waliojitokeza inahesabiwa juu ya walioandikishwa. 2022 walioandikishwa walikuwa 22,120,458 na waliopiga kura ni kama milioni 14.3, ndiyo tukasikia asilimia 65. Sasa 2027 ikifika na jina la shosho likiwa bado mle ndani, yeye ambaye hakuwahi kukosa hata mara moja atahesabiwa pamoja na waliokaa nyumbani. Kwangu mimi kazi ya kwanza ya kumuenzi ni hiyo, kutoa jina lake vizuri.

Kitambulisho halisi cha marehemu huwa kinarudishwa wakati kifo kinaandikishwa, lakini najua vile mambo huwa, matanga yamejaa watu, kila mtu anakimbia huku na huku, kikabaki kwa droo. Kitoe nakala ya rangi uweke pamoja na picha zake, halafu hicho chenyewe ukirudishe kwa ofisi ya usajili wa vifo au kwa chifu. Kisha chukua nakala ya cheti cha kifo uende ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge alikoandikishwa, uwape na nambari ya kitambulisho, uombe jina liondolewe. Angalia vizuri ni ofisi gani, manake Kariobangi inachanganya watu, Kariobangi Kaskazini iko Embakasi Kaskazini pamoja na Dandora, na Kariobangi Kusini iko Embakasi Magharibi pamoja na Umoja na Mowlem. Daftari likifunguliwa kukaguliwa kabla ya uchaguzi rudi uangalie kama kweli limetoka, usitegemee neno la mtu kwa dirisha.

Sasa tuje kwa wajomba, manake hapo ndipo penye uzito.

Hesabu miaka pamoja na mimi. Mtoto wa 1940 wa Murang'a alikuwa kijana wa miaka 16 au 17 Machi 1957, wakati Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa 8 nchi nzima, hapa Nairobi Tom Mboya akamshinda Argwings-Kodhek, Moi akaingia kutoka Bonde la Ufa, Oginga Odinga kutoka Nyanza ya Kati. Lakini angalia nani aliruhusiwa kupiga. Walipima masomo yako, mapato yako, mali yako, utumishi wako, na mwenye sifa nyingi alipewa hadi kura 3 huku jirani yake hana hata moja, na kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru ilibidi uwe pia na cheti cha kuonyesha wewe ni mtiifu kwa serikali ya mkoloni. Nyumba ngapi za Murang'a wakati huo zingepata hicho cheti, watu wametoka tu kufungiwa kwa vile vijiji vya hali ya hatari? Halafu Mei 1963 ikaja kura ya kila mtu mzima, bila kuulizwa umesoma hadi wapi wala una nini. Shosho wako alikuwa na miaka 22 au 23. Alikuwa kwa kundi la kwanza la wanawake wa kawaida wa nchi hii kuingia kwa kituo kwa sababu moja tu, kwamba ni watu wazima wa hapa. Ukijua hilo unaelewa kwa nini mtu kama yeye hangekubali kukosa hata kama miguu imekataa.

Baadaye ikaja chama kimoja, na bado alienda. Halafu ikaja ile ya 1988, na hii ndiyo nataka uwasomee wajomba hata kama wanaikumbuka, mlolongo. Februari mwaka huo uteuzi wa wagombea wa KANU, hicho chama kimoja, ulifanywa kwa watu kupanga laini. Hebu ione: uwanja wa shule asubuhi, wakala wa kila mgombea amesimama ameinua picha ya mtu wake, na nyinyi mnaambiwa kila mmoja aende nyuma ya picha anayotaka. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Chifu amesimama pale anaangalia, yule anayekuuzia kwa mkopo anaangalia, baba mwenye nyumba anaangalia, na bwanako labda yuko laini ile ingine. Mama mwenye kibanda sokoni anapiga hesabu ndani ya kichwa chake, nikienda nyuma ya huyu kesho nitapata nafasi ya kuuza ama sitapata. Mkishapanga mnahesabiwa vichwa, halafu mahali pengi laini fupi ikatangazwa ndiyo ndefu, na hakuna karatasi ya kurudia kuhesabu kwa sababu watu wameshatawanyika. Tena aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, hakuna kura ya siri baadaye. Makanisa yalikuwa yameanza kulalamika tangu 1986 na hawakusikizwa.

Sijui shosho alisimama nyuma ya picha ya nani siku hiyo, na wewe hujui, lakini majirani zake wote walijua, na hiyo ndiyo shida yenyewe. KANU iliacha mlolongo baada ya kamati ya makamu wa rais wa wakati huo, Saitoti, kuzunguka nchi 1990 ikisikiza malalamiko ya watu, Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kile kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaondolewa, na 29 Desemba 1992 watu wakarudi kwa karatasi na sanduku na vyama vingi. Katikati hapo, Februari na Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, ile kona tunaita Freedom Corner, wakiwa na Wangari Maathai, na polisi walipowavamia tarehe 3 Machi baadhi yao walivua nguo mbele ya askari, wakatolewa pale kwa nguvu, wakahamia kanisa la All Saints wakaendelea kukaa. Wengi walikuwa wa rika la shosho wako au kumzidi kidogo. Kutoka Marikiti hadi Uhuru Park ni mwendo wa mguu, habari zote zilipita katikati ya magunia ya kabeji. Hao ndio watu waliotuletea kura ambayo hakuna anayeiona.

Kwa hivyo wajomba wakisema kila mtu apige picha ya karatasi yake aweke kwa grupu, wanawaomba mrudi uwanjani mpange laini nyuma ya picha. Ni mlolongo tu, tofauti ni kwamba huu uko kwa simu. Sidhani wameuona hivyo, na sidhani wana nia mbaya, watu wa rika lao wameshazoea kwamba boma linaenda pamoja. Lakini Katiba ya 2010 iko wazi, kifungu cha 38 kinakupa kura ya siri na uhuru wa kuchagua bila masharti yasiyofaa, na kifungu cha 81 kinasema uchaguzi usiwe na vitisho wala kushawishiwa visivyo. Hakijasema isipokuwa vitisho vya mjomba. Na picha ya karatasi iliyowekwa alama usipige kabisa, hata ya kubaki nayo mwenyewe, kwa sababu ile picha ndiyo risiti ambayo wanunuzi wa kura hudai kabla ya kulipa, na ndiyo maana maofisa wakikuona na simu imeinuliwa pale kwa kibanda hawatakuuliza kama ni ya shosho. Ukitaka picha, toka nje ya lango, shika foto yake kwa mkono huo wenye wino, piga. Hiyo haimdhuru mtu na ni nzuri zaidi, ina uso wako na uso wake.

Halafu hii ya "vile shosho alikuwa anapiga". Nani alijua? Nikwambie kitu nilichokiona kama msimamizi, na wasimamizi wengi watakuambia hivyo hivyo. Mama mzee anafika ameshikwa mkono na kijana wake, kijana anasema haraka haraka, huyu ni mama yangu haoni vizuri, nitamsaidia. Sheria inaruhusu msaidizi, lakini ni mpiga kura anayemchagua, kwa hivyo mimi sizungumzi na kijana, ninainama kwa mama namwuliza polepole, mama, unataka huyu akusaidie? Na mara nyingi kuliko vile ungedhani mama anasema hapana, mimi naona. Anachukua zile karatasi sita, anaenda kibandani peke yake, anakaa muda mrefu, kijana amesimama mlangoni anahangaika anaangalia saa. Mama anatoka anaziweka moja moja, anatafuta rangi ya kifuniko, nyeupe ya rais, bluu ya gavana, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, anaenda zake. Kwa gari huko nje atawaambia amepiga vile mlikubaliana. Labda ni kweli. Hakuna mtu atajua, na huyo mama amepata dakika chache ambazo hakuna mtoto wala mume wala chifu yuko ndani yazo. Kwa maisha ya wanawake wa rika hilo dakika kama hizo ni chache mno. Wajomba wakidai wanajua shosho alimpigia nani tangu 1992 wanadai kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa na haki ya kukificha.

Na ile leso haithibitishi chochote. Leso za kampeni zilitolewa bure na watu walizivaa kwa sababu ni kitambaa kizuri, kinazuia vumbi, kinabeba mtoto, kinafunika sukuma wiki jua likiwaka. Sisemi hakukipenda chama, labda alikipenda sana. Nasema usijenge kura ya miaka mitano juu ya leso. Na siku yenyewe iache nyumbani kama ina picha ya mgombea au alama ya chama, kampeni zinaisha saa 48 kabla ya siku ya kura na kuvaa vitu vya kampeni kituoni kunakuletea shida na askari na mawakala bila sababu. Alikuwa na leso zingine, sivyo? Vaa ile ya kwenda kanisani. Foto yake weka kwa mfuko, hakuna anayekataza.

Vile ningeongea na wajomba, nisingebishana nao kwa grupu. Grupuni mtu huwa anaongea akijua wengine wanasoma, hawezi kurudi nyuma. Nenda kwa mjomba mkubwa nyumbani kwake, keti, kunywa chai, umwambie, "Mjomba, mimi nitapiga kura vile shosho alikuwa anapiga, nitaamka mapema, sitakosa, na sitamwambia mtu." Halafu umwulize alikuwa wapi 1988. Muache aongee. Wengi wa rika lake walisimama kwa hizo laini wenyewe au waliona baba zao wakisimama, na akishaanza kukumbuka hatakulazimisha tena. Akiendelea kulazimisha, basi mwitikie kwa heshima, usimwahidi kitu, na siku ikifika utakuwa peke yako pale kibandani. Kitu ambacho sitaki ukubali ni lugha ya "sisi watu wa boma fulani hatupigii wale". Tuliona 2007 hiyo lugha ilitufikisha wapi, zaidi ya watu 1,100 wakafa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na Kariobangi na Mathare na Kibera zote zinakumbuka.

Sasa, kama si chama, ni nini cha kumkumbukia ndani ya kura yenyewe? Hapa ndipo ningekaa sana kama ningekuwa wewe. Shosho alikuwa analalamika nini? Sio kwa mkutano, nyumbani, usiku akivua viatu. Mtu aliyeuza Marikiti lazima alilia na matope, choo, ushuru wa kila siku, taa, maji ya kuosha mboga. Mtu wa miaka 85 lazima alitumwa akanunue dawa za presha kwa duka kwa sababu zahanati hazina. Andika hayo yote, uliza na dada zako, kila mtu atakumbuka lake. Halafu chukua Katiba, Jedwali la Nne, uangalie nani anasimamia nini. Masoko ni ya kaunti. Zahanati na vituo vya afya ni vya kaunti. Takataka, maji na maji taka, shule za chekechea, ni kaunti. Yaani karibu kila kitu kilichomsumbua shosho kila siku kiko mikononi mwa gavana na wawakilishi wa wadi, na hizo ndizo kura mbili ambazo watu wanapiga wakiwa wamechoka, wameshaweka akili yote kwa rais, wanaweka alama pale wanapoona rangi ya chama chao zote sita mfululizo. Nairobi ina wadi 85 na wengi wetu hatujui jina la mwakilishi wetu hadi tuone bango. Wagombea wakianza kuja mtaani kwenu, uliza mmoja mmoja swali la shosho: choo cha soko mtafanya nini, dawa za presha zitapatikana lini, pesa zimewekwa kwa bajeti ya mwaka gani. Usiseme ni swali lako, sema ni la shosho, watu hawawezi kumdharau marehemu mbele ya umati. Atakayejibu vizuri ndiye umfikirie, awe wa chama gani.

Kingine, na hiki naomba ukifanye hata kama hayo mengine yatakushinda: tafuta wenzake walio hai. Kuna yule mama wa mlango wa pili, kuna wale wa chama chao cha kuweka pesa, kuna wa kanisani. Nenda na simu yako urekodi wakikuambia 1963 waliambiwaje wafanye, nani aliwasomea karatasi, 1988 walipanga wapi, 1992 walipiga wakiogopa nini, Desemba 2002 walifika Uhuru Park kuona Kibaki akiapishwa ama walisikiza kwa redio. Wakati ukiwa hapo waulize kama kitambulisho kiko na kama wanajua kituo chao, kwa sababu wazee wengi hukosa kura kwa mambo madogo sana, kitambulisho kilipotea hakuna mtu wa kumpeleka kutafuta kingine, au wameandikishwa mahali walipokuwa wanaishi zamani. Kuhamisha kituo kunafanywa mapema, sheria inataka angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, usingoje Julai 2027. Siku yenyewe wazee, wajawazito na wenye ulemavu hupitishwa mbele, kwa hivyo mwambie bodaboda wa kuaminika au jirani mwenye gari awasubiri. Ukimsaidia mmoja ndani ya kibanda kumbuka unaruhusiwa mtu mmoja tu, lazima uwe na miaka 18, na unaapa kutunza siri yake, hata yeye akimchagua mtu ambaye wewe humpendi unaweka alama pale alipokuambia.

Na wadogo zako na binamu wote waliofika 18. 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa, na walipungua kuliko 2017, na hapa Nairobi waliojitokeza walikuwa chini ya wastani wa nchi. Wale binamu wanaopiga kelele kwa grupu waulize wangapi wana kitambulisho na wameandikishwa. Usajili kisheria ni wa kila wakati hadi ukaribu wa uchaguzi, unaenda tu ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako, lakini ule mstari wa wiki ya mwisho sitamani mtu apange. Kama boma linataka kwenda pamoja, liende pamoja kwa hiyo, kila mtu aingie kwa daftari halafu kila mtu abaki na siri yake.

Ya siku yenyewe nitapita haraka. Ni Jumanne ya pili ya Agosti, kwa hivyo 10 Agosti 2027, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na ukiwa kwa foleni saa kumi na moja ikifika utapiga hata kama giza limeingia. Beba kitambulisho ulichoandikishwa nacho. Shule zetu za huku huwa na vyumba vingi na kila chumba ni kituo chake, watu wasiozidi 700, wamegawanywa kwa herufi za majina, kwa hivyo soma ile orodha ya mlangoni kabla hujapanga, nimeona watu wakisimama masaa kwa laini ya herufi isiyo yao kisha wanaambiwa waanze upya kule nyuma. Watoto wa boma kama mnataka waone, waleteni hadi nje ya lango asubuhi waone foleni, vile shosho alikuwa anawaleta nyinyi.

Halafu jioni rudi. Hili watu wengi hawafanyi. Kura zinahesabiwa hapo hapo chumbani, mbele ya mawakala, na za rais zinajazwa kwa fomu 34A, nakala inabandikwa mlangoni. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo ya rais ya kituo ndiyo ya mwisho, hayabadilishwi na mtu mwingine huko mbele, na 2022 IEBC iliweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwa intaneti kila mtu azione. Hiyo fomu ya mlangoni unaweza kuisoma na unaweza kuipiga picha bila kumwogopa mtu, ni ya umma. Piga picha ya ile ya chumba ambacho shosho alipigia mara ya mwisho, usiku uilinganishe na iliyowekwa kwa intaneti, namba kwa namba, walioandikishwa, waliopiga, zilizoharibika, na hiyo sasa ndiyo uweke kwa grupu ya familia.